Kiazi Kilipopata Breki

Harufu ya breki zilizoungua ina kitu cha sufuria iliyosahauliwa jikoni, kitu cha nywele zilizopitiwa na moto, na kitu cha tatu ambacho sijakipatia jina mpaka leo, kikali, cha kukwaruza koo, kinachokufanya uinue miguu kutoka sakafuni bila mtu kukuambia. Mwaka niliokuwa darasa la nne, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya siku za soko. Tulikaa Kwale mjini, juu, penye ukungu wa asubuhi na ubaridi kidogo, na soko la maana lilikuwa chini, Kona ya Musa pale Ukunda, ambako watu wa hoteli za Diani walinunua machungwa bila kuyabonyeza. Mama aliyanunua machungwa hayo kwa wakulima wa kutoka bara waliopewa mashamba kwenye skimu ya Shimba Hills. Aliyahesabu shambani, akayahesabu tena nyumbani, kisha mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha hesabu yake, maana Mama aliamini kwamba chungwa likiachwa peke yake hupungua. Halafu yalipakiwa kwenye gari la Baba, nasi tukapakiwa juu yake, tukaanza kuteremka kuelekea Kombani. Mteremko ulikuwa na urefu wake na gari lilikuwa na breki zake, na viwili hivyo havikuwahi kuafikiana.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mviringo, rangi ya maziwa yaliyolala, na umri wake ulimzidi Mama. Baba alikuwa fundi wa redio, mtu aliyeamini kwamba kila tatizo duniani lina skrubu yake. Alilinunua kwa mzungu mmoja mzee wa Diani aliyekuwa akirudi kwao, na hadi leo naamini yule mzee alifanya haraka ya kuondoka kabla Baba hajaifikia kona ya kwanza. Mji mzima uliliita Kiazi. Magurudumu yake yote manne yalikuwa na breki za dramu. Kwa asiyezijua, kila gurudumu lina kitu kama sufuria ya chuma inayozunguka nalo, na ndani ya sufuria vimefichwa viatu viwili vya breki vilivyovalishwa ngozi ngumu. Ukikanyaga, viatu hutanuka vikaisugua sufuria kwa ndani. Kwenye tambarare, gari likiwa tupu, zinatosha. Lakini ukizikanyaga mteremko mzima ukiwa na magunia ya machungwa, watoto wawili na Mama, joto hujifungia mle ndani likakosa pa kutokea, sufuria ikapanuka, viatu visiifikie tena sawasawa, na mguu wako ukashuka mpaka sakafuni kana kwamba unakanyaga uji.

Linalonishangaza sasa, na ambalo wakati ule niliona ni jambo la kila siku, ni jinsi watu walivyolipokea gari hilo. Hakuna aliyemwambia Baba atengeneze breki. Walijirekebisha wao. Chini ya mteremko palikuwa na mahali tulipopaita Kwa Mashine, kwa ajili ya mashine ya kusaga mahindi iliyokuwapo, na hapo ndipo Mama alipochukua nazi za kuongezea mzigo. Baba alianza kukanyaga tangu kwenye tangi la maji, akapiga honi, na honi ile ilikuwa kama kengele ya shule. Mama Riziki, muuza chapati, alilivuta jiko lake ndani ya kibanda. Mwenye mbuzi aliwavuta mbuzi. Watoto walipanda ukuta. Kisha Kiazi kikapita mbele ya mashine taratibu, kwa heshima zote, watu wakiamkia dirishani, "Shikamoo Bwana Bakari!" na Baba akiitikia "Marahaba, marahaba," huku gari likiendelea na safari yake mpaka karibu na msikiti mdogo, ndipo likaridhika. Mama akashuka na kurudi nyuma kwa miguu kufuata nazi. Hata waliotufuata barabarani walijua. Kioko, Mkamba wa skimu aliyeendesha pikapu ya mikate, alikuwa akiteremka na kreti tupu saa ile ile ya kwetu, na alitufuata karibu sana bila wasiwasi wowote, kwa kuwa alijua fika Kiazi husimama wapi, na kwamba si pale mtu mwenye akili zake angetarajia.

Siku moja Kiazi hakikusimama hata karibu na msikiti. Naukumbuka mguu wa Baba ukipanda na kushuka kama wa mshonaji kwenye cherehani, na uso wake umetulia tuli, na utulivu huo ndio ulionitisha. Tulilipita tangi. Tuliipita mashine, Mama Riziki akiwa keshajiondoa na jiko lake, akatupungia mkono kwa mazoea. Tuliupita msikiti, na mtu aliyekuwa akitawadha akabaki na mguu mmoja hewani, akitutazama kana kwamba tunaondoka na kitu chake. Kule mbele barabara yetu ilikuwa inakwenda kuikuta barabara kuu ya Likoni, yenye malori. Baba akachagua shamba la muhogo. Hakuchagua vibaya, isipokuwa mihogo ilikuwa ya watu. Tuliruka matuta, machungwa yakatoka madirishani yakitutangulia, na Kiazi kikatulia katikati ya majani, magurudumu yakifuka moshi. Redio aliyoifunga Baba mwenyewe haikukatika hata kidogo. Ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na mimi nikasikiliza kwa makini nione kama tumo.

Mama alishuka. Akatuhesabu, mimi Siti na mdogo wangu Juma: wawili. Akatuhesabu tena: wawili. Baba hakumhesabu. Alijitengeneza buibui, akakung'uta udongo, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wallahi, Baba Siti, siingii tena kwenye gari hili mpaka lisimame ninapotaka mimi lisimame, si linapotaka lenyewe."

Kwetu yamini, kiapo cha namna hiyo, si neno la kutupa. Ukiapa kwa jina la Mungu ukaja kuvunja, una kafara ya kulisha masikini kumi, na Mama hakuwa na nia ya kulisha hata mmoja kwa sababu ya upumbavu wa gari. Tangu siku hiyo akawa anasafirisha machungwa kwa magari ya abiria, akilipia kila gunia kiti chake kana kwamba gunia lina jamaa Ukunda, na faida yake ikawa inaishia njiani. Asubuhi alitembea kwenda kituoni, na Baba alimfuata kando kando na Kiazi, kichwa nje ya dirisha, akibembeleza. "Mama Siti, panda tu mpaka kituoni, hapa ni tambarare." Mama alitembea akitazama mbele, na wenye maduka walifungua milango mapema ili wasikose. Na bila Mama, Kiazi hakikuwa na kazi. Hoteli moja ya Diani ilikuwa imeleta mtu wa kukitaka. Walitaka kukiondoa injini, wakijaze udongo na kukipanda maua, wakiweke bustanini watalii wapige picha. Mama alisema ama gari lisimame kabla ya Ramadhani, ama likapandwe maua. Baba, ambaye sijawahi kumwona akililia kitu, siku ile aliingia chumbani akatengeneza redio ambayo haikuwa mbovu.

Alipotoka alikuwa na uamuzi: breki za dramu za mbele zitolewe, ziwekwe za diski. Alikuwa amesikia kwamba magari ya aina ya Kiazi yaliyokuja baadaye yalitoka kiwandani nazo. Shida ilikuwa kuzipata, na shida kubwa zaidi ilikuwa kumtuma Baba kuzinunua, kwa sababu Baba akitajiwa bei huona haya na kuongeza. Ikabidi Mama mwenyewe avuke feri kwa miguu, nami nikimshikilia kikapu, twende kwa wauza vyuma chakavu Mombasa kununua breki za gari asiloruhusiwa na ulimi wake kulipanda. Tulilikuta gari tulilolitafuta limesimamishwa juu ya matofali, mbele zima kabisa, taa zote mbili zikitutazama.

"Lilikuwa gari zuri hili, dada," alisema muuzaji, mwanamume mwenye msuli na kalamu sikioni.

"Zuri linafanya nini hapa?"

"Lilipata ajali."

"Liligonga nini?"

"Halikugonga kitu, haki ya Mungu! Liligongwa. Kwa nyuma. Njoo ujionee."

Mama alizunguka akajionea. Nyuma palikuwa pamepondeka kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe. "Basi breki zake zilikuwa zinafanya kazi," akasema, kwa kuridhika kwa mtu aliyeona bidhaa safi, kisha akadai apunguziwe bei kwa ajili ya nyuma iliyoharibika, ingawa nyuma hatukuwa tukiinunua. Akapunguziwa. Njiani kurudi, breki zikiwa ndani ya kikapu chini ya mchicha, alicheka peke yake mara mbili. Nami nilicheka. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini gari lenye breki nzuri vile lilikuwa limeishia juu ya matofali.

Kazi ilifanywa Kona ya Musa, nyuma ya duka la magurudumu, na fundi wa kutoka bara aliyeitwa Omosh, kijana wa maneno mengi ambaye Kiswahili chake kilimfanya Baba afumbe macho kidogo kila mara, kama anayemeza dawa. Alizifungua dramu za zamani moja baada ya nyingine kwa nyundo na matusi ya lugha yao. Ilimwagika kutu, vumbi jeusi na mchanga wa pwani, na katika moja ya mbele mlikuwa na nyumba ya nyigu, imejengwa kwa udongo, safi, imekauka zamani.

"Mzae," alisema Omosh, akimwonyesha Baba kwa bisibisi, "hii haishiki. Hii haishiki. Hii haijawahi kushika, hii ni ploti ya nyigu. Hii ya nyuma inashika, lakini ikiwa na mood."

Nilihesabu: magurudumu manne, breki moja, nayo mpaka ipende. Nikahesabu tena. Haikuongezeka. Nilimtazama Baba, nikazitazama dramu pale chini, na kwa mara ya kwanza nikashtuka nyuma, kwa siku zote zilizopita. Tulikuwa tukiteremka mlima ule kwa rehema tupu.

Diski, nilipoiona, haikunivutia. Ni sahani tu ya chuma, iko wazi, upepo unaipitia na kuipoza. Lakini kando yake kuna kifaa chenye padi mbili zinazoibana sahani huku na huku, kama mwalimu anavyolishika sikio la mtoto, na ukishashikwa hivyo huendi popote. Magurudumu ya zamani yakawa madogo, hayakupita juu ya kifaa hicho, ikabidi Mama avuke feri tena kufuata makubwa zaidi. Silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki nayo ikabadilishwa, kwa kuwa ya zamani, kwa maneno ya Omosh, ilikuwa inasukuma kwa roho tu. Nyuma zilibaki dramu, zikasafishwa na kuvalishwa viatu vipya, kwani gari likisimama uzito wote hukimbilia mbele. Halafu likaja zoezi la kutoa hewa kwenye paipu, na mimi ndiye niliyekaa kitini. Omosh alilala chini akipiga kelele, "Kanyaga! Shikilia! Achia!" na mafuta yenye mapovu yakitiririka kwenye kichupa. Mara za kwanza pedali ilizama kama ninavyoijua. Ghafla, nilipokanyaga, ikagoma. Ilikuwa ngumu kama ukuta, na ikanisukuma nikarudi kitini. Nilipiga ukelele nikidhani nimevunja kitu.

Mama aliarifiwa kwamba gari tayari. Akauliza swali moja tu: litapimwa vipi? Baba alipendekeza jiwe liwekwe barabarani Kwa Mashine. Mama akasema jiwe halina macho. Basi mstari wa chokaa. Mama akasema mstari mtu anaweza kusogeza. "Nitasimama mwenyewe," akasema. "Yamini ni yangu, na alama ni mimi."

"Mama Siti, simama basi pembeni."

"Nikisimama pembeni utalisimamisha kwa ajili ya nani?"

Nilidhani ni mzaha mpaka siku ya soko ilipofika, nikamwona anashuka kwenye gari la abiria Kwa Mashine, anafungua mwavuli wake mweusi, na kwenda kusimama kwenye lami, upande wetu wa barabara, kama anayengojea mgeni. Mimi na Juma tuliambiwa tukae kwenye ukuta wa mashine na tusishuke hata mbingu ikianguka. Mwenye mashine alizima injini yake. Watu walijaa. Mwanamke mmoja alimwambia Mama kwamba waume wabaya wako wengi lakini si lazima kufika huku, na Mama akamshukuru. Juu kabisa, kwenye kona, kikatokea kitu chenye rangi ya maziwa.

Baba alikuwa ameambiwa aje kama anavyokuja siku zote, na alikuja hivyo. Alifika kwenye tangi, akapiga honi. Mama Riziki akalivuta jiko, mafuta ya moto yakimwagika. Mbuzi wakavutwa. Watoto wakapanda ukuta, wakanibana. Na nyuma ya Kiazi, karibu kama kawaida, kreti zikigongana, ikaja pikapu ya Kioko. Niliiona. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba sikuihesabu.

Baba akakanyaga.

Sijawahi kuona kitu kilichotutii ghafla namna ile. Pua ya Kiazi iliinama chini, kitako kikanyanyuka, magurudumu yakalia, na gari likasimama kabisa, mbali na Mama, mbali kiasi cha kupitisha mkokoteni. Lilisimama! Watu hawakushangilia, walitazamana kama walioona mnyama akizungumza. Baba alitoa mkono dirishani, akauinua juu kama bwana harusi, na katika furaha hiyo akauondoa mguu kwenye pedali.

Mlio uliofuata niliusikia kwenye meno. Pikapu iliingia kitakoni mwa Kiazi, kreti zikaruka juu ya paa, na Kiazi, ambacho sasa hakikushikwa na mtu, kikatupwa mbele moja kwa moja kuelekea mwavuli mweusi. Mama hakukimbia. Baadaye alisema hakuwa shujaa, miguu tu ndiyo ilimkatalia. Baba akaupata mguu wake, akakanyaga kwa mara ya pili, na gari likasimama tena, safari hii karibu sana. Mwavuli ulikuwa umeanguka. Kiganja cha Mama kilikuwa juu ya boneti, kimetulia, kama cha mtu anayempima mtoto homa.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Kioko. Alishuka mdomo ukimvuja damu kidogo, akazipita kreti zake, akamfuata Baba dirishani, na badala ya pole akafoka: "Bakari! Hii gari ilianza kusimama lini?"

"Leo," alisema Baba.

"Leo! Na mimi nakufuata hapa miaka yote! Wewe husimama kule!" Akaonyesha msikiti. "Kule! Kila mtu anajua ni kule!"

"Nimeweka breki mpya, Kioko."

"Umeambia nani?"

Nilingoja watu wamtetee Baba. Alikuwa mbele, alikuwa amegongwa, na alichokuwa amekosea ni kusimama. Lakini umati wote ulimgeukia yeye. "Kweli, Bwana Bakari, umemwambia nani?" aliuliza mwenye mashine. Mama Riziki alitoka na karai mkononi. "Mimi nimemwaga mafuta ya kilo nzima kukupisha, kumbe ungesimama! Si ungeniarifu, jirani?" Mwenye mbuzi akasema hata yeye amewakaba wanyama bure. Baba alimgeukia kila mmoja kwa zamu, akisema samahani. Katika maisha yake yote ya kuendesha gari lisilosimama hakuwahi kulaumiwa hata siku moja, na sasa, kwa kosa la kulitengeneza, alikuwa anaomba radhi kwa mji.

Kisha wakakumbuka yamini, na kelele zikahamia huko. Wako waliosema gari limesimama na kiapo kimetimia. Wako waliosema limesogea. Limesogea au limesogezwa? Mwenye mashine, aliyekuwa amesoma chuo cha Kurani akiwa mdogo na hakuacha mtu asahau, alisema kusogezwa si kitendo cha gari bali cha Kioko, na Kioko akasema yeye amekuja hapa na kreti, asiingizwe kwenye dini za watu. Mama aliwaacha wachoke. Alilizunguka gari, akaitazama alama nyeusi ya magurudumu ilipoishia, akaenda nyuma akakitazama kitako kilichopondeka kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe. Hapo alisimama muda mrefu. Nilijua anachokumbuka, maana na mimi nilikuwa nimelikumbuka lile gari juu ya matofali, lililosimama vizuri likagongwa kwa nyuma.

"Gari limesimama," akasema mwishowe. "Yamini yangu imekwisha."

Baba akamfungulia mlango.

"Bado," alisema Mama. "Watu ndio hawajui kwamba linasimama. Wajue kwanza."

"Hilo halikuwamo kwenye kiapo!"

"Halikuwamo," alikubali Mama, akiuokota mwavuli wake. "Nilipunja. Sasa naongeza."

Ndiyo maana Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikitangaza maziko, harusi na mbuzi waliopotea, mji wa Kwale ulisikia kwamba gari la Bakari, fundi wa redio, limewekewa breki, na anayelifuata barabarani aache nafasi, Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote. Tuliokuwa nyumbani tukichambua mchele tulitazamana. Jumapili Kioko akasimama kanisani kwao kule skimu akatoa habari hiyo hiyo, na inasemekana walipiga makofi na kuomba. Omosh aliponyoosha kitako cha Kiazi, alipiga rangi nyuma, kwa herufi kubwa nyekundu, neno moja ambalo Mama alimwamuru: LINASIMAMA. Baba alitaka aya.

Siku ya soko Mama alipanda. Aliketi mahali pake, akapakata kikapu, akatuhesabu kwa kichwa, na Baba akaondoa gari taratibu kama aliyebeba mayai. Kwenye tangi la maji alipiga honi kwa mazoea. Hakuna aliyeinua kichwa. Mama Riziki aliendelea kugeuza chapati, jiko lake kando ya lami, cheche zikiruka. Mbuzi walitutazama wakiwa wanatafuna. Tulisimama mbele ya mashine barabara kabisa, kwenye mlango wa nazi, na hakuna aliyemwamkia Baba kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwangalia. Baba alikaa na mikono juu ya usukani, akichungulia huku na huku. Alikuwa amelipata alilolitaka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja karamuni siku isiyo yake. Mama alifungua mlango, akaupima kwa macho umbali wa hatua chache mpaka kwenye nazi zake, kisha akamgusa begani. "Umesimama vizuri, Baba Siti," alimwambia. Sikuwahi kumsikia akimsifu mbele yetu, kabla wala baada.

Siku hizi nina duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, na naendesha gari lililokuja kwa meli likiwa limetumika kidogo huko lilikotoka. Bei yake niliishusha mpaka muuzaji akaniuliza kama mimi ni binti wa yule Mama Siti wa machungwa. Baba amefariki. Mama anakaa kwa Juma, kule Waa, na mwezi uliopita nilikuwa nikimpeleka Msambweni hospitali kuangaliwa macho. Tulipoipita Ukunda ng'ombe aliingia barabarani bila kutazama. Kabla mguu wangu haujafika popote, gari lilifunga breki lenyewe, mikanda ikatubana, tukasimama. Nyuma yetu magurudumu yalilia, pikipiki, kisha lori, kisha gari la abiria, na kila mmoja akasimama kwa bahati yake. Ng'ombe akavuka.

"Nani amekanyaga?" aliuliza Mama.

"Hakuna, Mama. Lina jicho kule mbele. Likiona kitu hujisimamisha."

Alikaa akilitazama vumbi la ng'ombe. Nilidhani atamshukuru Mungu. "Na huyu aliye nyuma yetu," akasema, "ni nani?"

Nilitazama kiooni. Kijana mwenye kofia ngumu na koti la rangi ya kung'aa, wa kwao sikuwajua, wala sura yake sikuiona. Na wa nyuma yake sikumjua, na wa nyuma yake pia. Barabara hii naipita kila siku, na hakuna hata mmoja ninayejua breki zake, wala anayejua zangu, na bado tunafuatana hivyo hivyo, pua kwa kitako, kila mmoja akimwamini mtu asiyemjua kwa kitu asichokiona. Kwa mara ya pili maishani nilishtuka nyuma, kwa siku zote zilizopita.

"Simjui, Mama," nikasema.

Mama alifungua mkanda. Alifungua mlango, akaitoa fimbo kwanza, halafu mguu mmoja, halafu wa pili. Nikamwita, "Mama, unakwenda wapi, kuna magari!" lakini alikuwa ameshashuka, anatembea kwenye lami kurudi nyuma, mkono mmoja juu ya bodi ya gari langu. Honi zilianza. Niliwasha taa za tahadhari na kutazama kiooni. Kijana wa pikipiki alikuwa ameinua kioo cha kofia yake, uso wa mtoto tu, na midomo yake ikasema shikamoo. Mama akaitikia, akanyoosha fimbo kulionyesha gari langu, akamweleza. Kijana alikubali kwa kichwa, akarudisha pikipiki nyuma kwa miguu, kidogo, kisha kidogo tena, mpaka Mama aliporidhika. Halafu Mama akampita, akaenda mpaka kwenye lori, akagonga mlango wa dereva kwa fimbo.